Sekunde Ishirini na Mbili

Jumanne, 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Zile sentensi za "dhumuni la waraka huu ni kukujulia hali" nimeziruka, kwa sababu hali yako Mama anaijua kuliko daktari na ananisomea taarifa kila asubuhi kabla sijanawa uso. Ningekupigia simu, lakini tangu maradhi yakulegeze ulimi tunaishia kupigiana kelele, wewe "eeh?" mimi "eeh?", mpaka majirani wanatoka nje kuamua ugomvi. Acha niandike.

Mjomba, kiwanda chako kinanuka.

Sisemi kile kijiharufu cha plastiki iliyoungua, kile nimeshakizoea. Miaka mitatu niko kwenye mabeseni na vining'inizo vya nguo, na nilidhani uchafu wa humu ndani nimeumaliza wote. Wiki jana Bwana Haraka akanihamishia mashine namba nne, ile uliyoilea wewe kama mwanao, kwa sababu kuna oda ya hospitali: viti vya choo vya wagonjwa, mia sita. Unavijua, vile vyenye tundu katikati na ndoo chini, vya mtu asiyeweza kuchuchumaa wala kujikokota hadi msalani. Kalibu ya kumiminia plastiki ni ile ile uliyoipima mwenyewe. Nikafurahi. Nikasema leo nimeingia kwenye kazi ya mtu mwenye akili.

Kiti cha kwanza kilitoka kwenye kalibu kimelegea. Nilikishika mguu nikaacha alama ya kidole gumba, kama mtu anayepiga kura. Kilipopoa kikajikunja, kikasimama kwa miguu mitatu, wa nne unaning'inia hewani. Cha pili hivyo hivyo. Nikamwambia Bwana Haraka, akasema, "Wagonjwa wengi ni wembamba," akacheka peke yake. Ana meno madogo madogo yule bwana, na kila akicheka kuna kitu kimenasa katikati.

Basi nikaenda nyuma kuyatazama maji ya kupozea. Kama unakula, weka kijiko chini kwanza. Juu ya tangi kumetanda ute wa kijani, mzito. Nilitumbukiza fimbo nikaivuta, ute ukafuata kama kamasi. Ndani mna mjusi, au kitu kilichowahi kuwa mjusi. Mlinzi anaoshea miguu humo. Kuna jamaa wa zamu ya mchana akimaliza kula anasukutua na kutema humo humo, nimemwona kwa macho yangu, na hakuona haya hata kidogo. Maji hayo ndiyo yanayopita ndani ya kalibu kuipoza plastiki. Nikachovya kipimajoto: nyuzi ishirini na tisa. Wewe ulinifundisha kumi na nane.

Ningeangalia kadi ya mashine, ile inayoandikwa nyuzi na sekunde za kila kazi, kuhakikisha, lakini tangu ustaafu kadi hazikai tena kwenye mashine. Bwana Haraka amezifungia kwenye droo yake, na saa ya mashine anaipanga mwenyewe kwa ufunguo. Sisi tumebakiziwa maji na mipira ya kuyapitisha.

Niambie ulikuwa ukiyasafishaje. Nimeshanunua glavu, zile ndefu za kufika kwapani.

Mpwa wako,
Kinyaa


Jumatatu, 10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe mwandiko. Mkono wa kulia unatetemeka kama wa mwizi aliyefumaniwa, na mstari huu nimeuandika mara mbili.

Nimecheka hadi jirani akaja kuchungulia. Toka utoto hukubali kikombe alichonywea mwenzio, ndiyo maana tukakupa hilo jina, na leo umekabidhiwa tangi zima.

Sikiliza. Maji machafu hayaiharibu plastiki kwa sababu yananuka. Yanaiharibu kwa ukoko. Huo ute unaingia kwenye mishipa ya maji iliyo ndani ya kalibu, unaganda kutani, na joto halipiti tena. Pampu inazunguka, unaona maji yanaingia na kutoka, unadhani kazi inafanyika, kumbe chuma kimevaa sweta. Mwaga tangi lote, sugua. Kisha fungua mipira ya kalibu mmoja mmoja, pitisha siki ya moto, iache saa nzima, isukume kwa maji safi mpaka yatoke hayana rangi. Ukimaliza pima maji yanapoingia na yanapotoka. Tofauti ikizidi nyuzi tatu bado kuna ukoko, rudia.

Halafu pashike pale mguu unapokutana na kikalio. Pale plastiki ni nene, na pale hupoa mwisho wa pote. Nje pameshakuwa pagumu, ndani bado uji. Ukiifungua kalibu mapema, huo uji unasinyaa na kuacha tundu. Kiti kitapendeza machoni na kitamwangusha mtu. Hili nilikufundisha kwenye mabeseni, lakini beseni halikaliwi.

Kadi usihangaike nazo. Kama Bwana Haraka anazifungia, azifungie. Wewe shika maji.

Mwambie dada yangu dawa nameza. Nyingine naziacha, lakini wewe mwambie nameza.

Mjomba wako


Jumapili, 16 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena, na pole, kwa sababu leo nina mengi na nusu yake yananuka.

Tangi nimelisafisha. Watu watatu walitumwa wanisaidie. Mmoja alikumbuka ana ugonjwa wa mgongo, wa pili alikumbuka msiba, wa tatu alikaa kabisa ila alitapika kabla yangu. Siku mbili nimekuwa humo hadi mapajani. Chini kabisa kuna tope jeusi, laini, lenye joto, na ukilikanyaga linatoa mapovu na harufu ya mayai viza. Nimetoa soksi moja, kijiko cha kantini, na meno ya bandia, safu nzima ya chini. Nimetangaza, hakuna aliyejitokeza kuyadai, ila mzee wa stoo siku hizi anapangusa mdomo sana na kula vitu laini. Siki ya moto ilipopita kwenye mipira vikatoka vinyuzi vyeusi kama nywele za kwenye bomba la bafuni. Nilioga mara tatu na bado Mama alinihamishia chakula changu barazani.

Lakini maji sasa ni nyuzi kumi na saba yakiingia, kumi na tisa yakitoka. Nilitaka kucheza.

Mjomba, viti bado vinajikunja.

Bwana Haraka alipoona nimeanza kuuliza maswali akaleta mawe. Kila kiti kikitoka kinabanwa kwenye fremu ya mbao na kupandishwa jiwe mpaka kipoe, kisipate nafasi ya kupinda. Ukumbi mzima sasa umejaa viti vya choo na kila kimoja kimekaliwa na jiwe. Ukiingia ghafla unaweza kuomba radhi na kutoka. Na kweli vinanyooka, vinasimama kwa miguu yote minne. Nikachukua kimoja nikakikata kwa msumeno pale ulipopasema. Nje kinang'aa. Ndani mna tundu kubwa kama punje ya harage, lenye kuta zilizochanika, kama jino bovu.

Nikakaa na saa yangu ya mkononi nikahesabu. Plastiki ikishajaa, kalibu inapoa sekunde ishirini na mbili, inafunguka. Kazi hii wewe ulikuwa ukiipa arobaini. Ulinipigia kelele siku moja niliposema thelathini na nane!

Nikaenda kudai kadi. Nilimwambia Bwana Haraka kwamba sheria ya nyumba hii, aliyoiweka Fundi Barafu mwenyewe, yaani wewe, ni kwamba hakuna anayegusa nyuzi wala sekunde bila kadi yenye sahihi yake. Hakubisha. Alifungua droo akanionyesha. Nyuzi kumi na nane, sekunde ishirini na mbili, tarehe 14 Januari mwaka huu, na chini sahihi yako, ile yenye mkia mrefu. Anasema bado wewe ni mshauri wa kiwanda. Hospitali nao wanaamini hivyo, ndiyo maana hawaulizi kitu.

Nilitoka pale. Kisha nikakumbuka barua yako, nikaitoa mfukoni. Mjomba, Januari ulikuwa huwezi kushika kijiko! Mwandiko wako wa sasa ni njia ya siafu, na sahihi ya kwenye kadi imenyooka kama ya karani wa benki. Wamekughushi. Wamelichukua jina la mtu mgonjwa wakalipaka kwenye uchafu wao. Nimeona kinyaa kwa mambo mengi maishani, lakini hili limenipanda hadi kooni. Na papo hapo nikafurahi, nakiri, kwa sababu kwa dakika chache nilikuwa nimekudhania vibaya.

Mkaguzi wa hospitali anakuja Alhamisi, tarehe 3 Aprili. Akiona sahihi yako hatavitazama viti mara mbili, atagonga muhuri. Niandikie karatasi moja tu, mistari mitatu: kadi hii si yangu, sekunde hizi si zangu. Mwandiko wako wenyewe utamaliza kesi.

Mpwa wako,
Kinyaa


Ijumaa, 21 Machi

Mpwa wangu,

Barua imefika. Wiki hii sikuwa vizuri, mguu umevimba na usingizi hauji.

Umefanya kazi kubwa kwenye tangi. Hata mimi nisingeingia.

Kuhusu hayo mengine, kadi ni karatasi tu. Mashine zimebadilika, labda na plastiki wanayonunua siku hizi inapoa upesi. Jaribu kushusha maji hadi nyuzi kumi, tia barafu kwenye tangi, huenda ishirini na mbili zikatosha. Tupa barafu nyingi. Mkaguzi ana kazi yake na wewe una yako. Ukipigana na Bwana Haraka utamwaga unga, na mama yako anakutegemea. Nani amewahi kumchukua mwanamke kuwa fundi wa mashine mji huo mbali na yeye? Fikiria hilo. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite.

Karatasi unayoitaka ngoja kwanza nipate nguvu ya mkono.

Msalimie dada.

Mjomba wako


Jumanne, 25 Machi

Mjomba,

Barafu nilitia, debe kwa debe. Ngozi ya kiti ikawa ngumu upesi zaidi na uji ukabaki ndani vile vile. Unajua hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba unene hauhongeki kwa baridi, unataka muda. Nilipolisoma shauri lako nikadhani ni mtu mwingine ameandika.

Nakuambia yaliyotokea jana, kwa mpangilio, kisha nitakuuliza swali moja.

Saa ya chakula mpishi wa kantini alikuja ukumbini kuleta chai. Unamjua, yule mama mnene mwenye maneno. Akaviona viti, akasema, "Leo na mimi nikae kwenye kiti changu cha enzi," akaondoa jiwe akakaa, watu wakapiga makofi. Mguu wa nyuma ukakatika palepale mguu unapokutana na kikalio. Haukupinda wala haukulia, ulikatika tu. Alianguka ubavu, sketi ikapanda hadi kiunoni, na plastiki iliyovunjika ikamchana paja. Ameshonwa mara sita. Nilimfunika kwa aproni yangu. Alikuwa analia, na aliponivuta karibu nikadhani atasema panauma, akaniambia, "Wote wameniona." Mjomba, huyo ni mzima, amevaa nguo, na chini yake hapakuwa na ndoo. Sasa mweke mgonjwa pale. Mweke mzee aliyepooza, peke yake chumbani, kiti kimvunjikie, na yale yote yaliyomo ndooni yammwagikie naye ameshindwa kuinuka. Nimeyawaza hayo tangu jana.

Nilikwenda kwa Bwana Haraka. Nikamwambia sahihi hiyo ni ya kughushi na nitamwambia mkaguzi. Hakukasirika. Alikuwa anachokonoa meno kwa kona ya bahasha. Akafungua droo mpaka mwisho, akatoa bunda la kadi, akalitandaza mezani mbele yangu kama karata. Zote tupu. Hazina jina la bidhaa, hazina nyuzi, hazina sekunde. Na chini ya kila moja sahihi yako, yenye mkia, wino wako wa bluu.

Akasema, "Sijaghushi hata moja. Muulize mjomba wako alizitoa kwa nini."

Akacheka, kwa sababu jibu alikuwa analijua. Nikaona kile kilichonasa kwenye meno yake, nikatoka mbio nikatapika nyuma ya stoo, kwa mara ya pili mwezi huu, na safari hii hapakuwa na tope wala mayai viza.

Kwa nini, Mjomba?

Mpwa wako


Ijumaa, 28 Machi

Mpwa wangu,

Nimeandika mara tano na kuchana. Hii ya sita naituma ilivyo.

Kadi ni zangu. Zilikuwa arobaini.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilimpelekea Bwana Haraka jina lako. Akasema mashine hampi mwanamke, ukucha ukikatika atalia. Nikamwambia huyu ana jicho kuliko mimi, na hapo sikutia chumvi. Akaniacha niseme weee mpaka nikachoka. Kisha akasema, sawa, mkono mtupu haulambwi, na wewe niachie kitu. Akasema ni kwa faida yangu, nisije nikasumbuliwa nyumbani kila wakibadilisha kalibu. Nilitia sahihi zote kwa kikao kimoja, kwenye meza yake, baada ya chakula. Kwenye kadi ya thelathini na moja kalamu yangu iliisha wino. Nilikaa nikiitazama. Ningeweza kusema basi, wino umekwisha. Akaniletea kichupa cha wino wa bluu kutoka ofisi ya karani, nikajaza, nikaendelea.

Nilijiambia kwamba ni za mabeseni. Nani amewahi kufa kwa beseni? Jumatatu iliyofuata wewe ukaanza kazi, na mama yako akanishika mkono akalia kwa furaha. Sikupata tena siku ya kusema.

Ulipoandika kwamba nimeghushiwa nilikaa na barua ile siku mbili. Bora ungenitukana. Mtu akikutetea kwa jambo ulilolifanya kweli, huna pa kuweka uso. Ndipo nikakuandikia habari za barafu. Mimi, niliyeitwa Fundi Barafu, nilikudanganya kwa barafu. Nimejichukia kwa hilo kuliko hata kwa kadi.

Mficha uchi hazai. Ndani ya bahasha hii mna barua kwa mkaguzi. Nimeeleza kwamba kadi zilikuwa tupu nilipozisaini, kwamba kiti hiki kinataka sekunde arobaini, na kwamba mtu asikalie hata kimoja. Mpe mkononi mwake, asipewe mwingine. Jina langu litakwisha na hiyo ni haki yangu. Wewe hutaguswa, nimeliangalia hilo.

Usiniandikie upesi. Kama utaandika.

Mjomba wako


Jumamosi, 5 Aprili

Mjomba,

Barua ya mkaguzi hukuibandika, nikaisoma. Umeandika kwamba ulisaini kadi tupu "kwa uzembe wa mtu aliyechoka kazi". Mimi simo. Mjomba, hata ukiungama unafunika! Nilikaa nayo jikoni kwa hasira, nikasema huyu mzee atakufa akiwa ameshika kifuniko. Nikachukua kalamu nikaandika chini ya sahihi yako: "Alizisaini ili mimi niajiriwe. Kazi niliyonayo ndiyo bei yake. Sikujua, sasa najua." Nikatia jina langu kamili, lile la kwenye cheti, ambalo hata wewe nadhani umelisahau.

Mkaguzi ni mama mmoja mfupi, ana mkoba mzito na hana salamu ndefu. Bwana Haraka alikuwa ameshamwekea chai na kadi mezani. Nilimpa barua mbele yake. Aliisoma amesimama, mara mbili, kisha akaomba msumeno. Alikata miguu mitatu kutoka viti vitatu alivyochagua mwenyewe. Alitia ncha ya kalamu ndani ya lile tundu la kwanza, akaizungusha, akaitoa, akaipangusa kwa leso kama mtu aliyegusa kidonda. Muhuri ulirudi mkobani. Jana viti vyote, mia nne na kumi na viwili, vimepita kwenye mashine ya kusagia. Kelele yake ilinifurahisha roho, sitaficha.

Nilijua kinachofuata ni geti. Saa nane Bwana Haraka akaniita, nikaenda na mfuko wangu tayari umeshafungwa. Akanipa kiti. Hakunigombeza hata neno moja, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Akasema hospitali hawakufuta oda. Wanataka viti upya, na wanataka kadi za fundi mwingine, wa sasa, wanayeweza kumwamini. "Na wamekupenda wewe," akasema. "Yule mama anasema hajawahi kuona fundi anayejiandikia kesi mwenyewe. Sahihi yako leo ina thamani kuliko ya mjomba wako alipokuwa mzima." Akafungua droo. Kadi mpya, ishirini, tupu, bado zina harufu ya karatasi. Akazisogeza, akaweka kalamu juu yake. Nitakuwa fundi mkuu, nitapewa ufunguo wa saa za mashine, mlinzi hataosha tena miguu tangini. Kadi ni za akiba tu, nisisumbuliwe nikiwa likizo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Nilidhani ningemtupia kalamu usoni. Nimekuwa nikikutukana kimyakimya wiki nzima kwa sababu hukumtupia yako. Mjomba, niliishika. Niliifungua kabisa, nikaiinamia kadi ya kwanza. Nikawaza Mama ataacha kuniuliza kama kazi ipo kesho. Nikawaza ufunguo utakuwa wangu, nitaweka arobaini mimi mwenyewe, hizi atazitumia kwa vitu vidogo. Nikasikia kabisa kichwani, kwa sauti yangu: ni za mabeseni tu. Sijui ilikuwa muda gani. Ulitosha Bwana Haraka kumaliza chai yake na kulamba kijiko.

Kisha nikaiweka chini nikatoka. Sikusema neno lolote la kukumbukwa. Nilisema, "Hapana, asante," kama mtu aliyeshiba.

Kwa hiyo unga umemwagika. Mama nimemwambia yote, ya kwako na ya kwangu, akalia kwa yote mawili na bado hajaacha. Namba ya mkaguzi ninayo, nitamwambia habari za kadi ishirini Jumatatu, kabla hazijapata mkono mwingine.

Bado nakuonea kinyaa, Mjomba, sitakuongopea. Ila tangu jana nimeuosha mkono wangu wa kulia mara sijui ngapi, na kila nikiukausha naona umefanana na wako.

Mpwa wako